Adongo Abaki Nyuma

Kabla sijaanza, nainua mkono wa kulia na kuapa: yote mtakayosoma hapa ni kweli tupu. Sikutia chumvi, sikutia sukari, sikutia hata maji. Mambo haya yalitokea hapa Eldoret, mtaa wa Munyaka, mwaka wa 1985, katika muhula wa pili, wakati ule wa baridi ambapo hata kuku hugoma kutoka bandani. Atakayenishika na uongo nitamlipa hindi la kuchoma, moja kwa kila uongo, lenye ndimu na pilipili, na nitalichoma kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeapa. Sasa sikilizeni.

Kila asubuhi king'ora cha kiwanda cha nguo kilipolia, Adongo aliamka. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na alisoma darasa la nne. Baba yake, Jeconia Oketch, alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi katika kiwanda hicho, na wakati huo alikuwa tayari njiani na kofia yake ya sufu. Mama yake, Hulda, alikuwa jikoni akikoroga uji na kuimba nyimbo za kwaya. Adongo aliwafungulia kuku, akaenda bombani mara mbili kuteka maji, akaosha vikombe vya jana, kisha akashika njia ya shule.

Mtu akimtazama njiani angesema mtoto yule yuko peke yake. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Apiyo.

"Apiyo, leo usikanyage mistari," Adongo alisema, akiruka nyufa za matope barabarani. "Atakayekanyaga ndiye atakayeosha vikombe kesho."

Apiyo alikuwa pacha wake. Walizaliwa siku moja huko nyumbani, karibu na ziwa, Apiyo kwanza na Adongo baadaye. Wajaluo humwita pacha wa pili wa kike Adongo, na ndani ya jina hilo mna neno la kubaki. Yule aliyebaki nyuma tumboni baada ya mwenzake kutoka. Walipokuwa na miaka mitatu, surua iliingia nyumbani ikawashika wote wawili. Ikamwachilia mmoja. Tangu siku hiyo Mama Hulda alikuwa na mazoea ya kumgusa Adongo kifuani akilala, kuhakikisha anapumua. Na Adongo naye alikuwa na mazoea ya kuzungumza na Apiyo. Alijua vizuri kwamba pacha wake hayupo. Ulikuwa mchezo wake tu, kama mwingine anavyokuwa na mpira wa matambara.

Shuleni Adongo alikaa karibu na dirisha, na dirisha lile lilikuwa adui wa hesabu. Nje kulikuwa na ua wa mikaratusi, na juu ya ua kunguru walikuwa wakijenga. Mwalimu Nanzala alipoandika hesabu za kugawanya ubaoni, Adongo alikuwa akihesabu vijiti mdomoni mwa kunguru. Wiki ilipokwisha, daftari lake lilikuwa na tarehe tano na majibu mawili.

"Adongo, hebu niambie," Mwalimu Nanzala alisema siku ya Ijumaa, akifunua kurasa tupu. "Hao kunguru wako wamemaliza nyumba?"

Darasa likacheka. Adongo akainamisha kichwa.

"Kuanzia Jumatatu utabaki nyuma wenzako wakienda nyumbani. Nusu saa kila siku, mpaka umalize hesabu zote ulizoziruka. Nataka mzazi wako atie sahihi, asije akadhani umepotea njiani."

Akaandika mwishoni mwa daftari kwa wino mwekundu: *Adongo abaki nyuma. Mzazi atie sahihi.*

Jioni hiyo Baba alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasogeza taa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alisoma mara ya pili. Kisha akavua miwani.

"Hulda," aliita. "Mwalimu anasema mtoto anabaki nyuma."

Mwiko wa Mama ulisimama ndani ya sufuria.

Baba akamgeukia Adongo. "Ni kweli, mama? Wewe unabaki nyuma darasani?"

Adongo alifungua mdomo. Angeweza kusema, hapana Baba, ni kubaki baada ya masomo. Lakini Baba angeuliza, kubaki kwa nini? Kisha ingekuja habari ya dirisha, na baada ya dirisha, mshipi uliotundikwa nyuma ya mlango. Adongo akautazama ule mshipi.

"Ndiyo, Baba," akasema.

Neno moja la herufi tano. Baba hakukasirika. Alimwekea mkono kichwani, akaukalisha hapo kwa muda mrefu, na mkono ule ulikuwa mzito kuliko mshipi.

Kesho yake Jeconia alilibeba daftari mpaka dukani kwa Ndungu, ambako watu wa Munyaka walipata sukari, mafuta ya taa na habari. Hapo alimkuta Johnstone, karani wa kanisa. Sina budi kumsifu Johnstone kidogo, kwa maana ukweli ni ukweli. Alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, kalamu sikioni, na viatu vilivyong'aa hata kuku wakasimama kujitazama. Hakusoma shule sana, lakini Kiingereza alikuwa amejifundisha mwenyewe kutoka kwa magazeti ya kufungia nyama. Mtaa mzima ulimletea barua zake.

"Baba Adongo, lete hiyo kitu nione," Johnstone alisema. Akasoma, akaguna. "Pole sana, ndugu yangu."

"Lakini naona imeandikwa *abaki*," Jeconia alisema kwa matumaini. "Haikuandikwa *anabaki*."

"Hiyo ni Kiswahili ya pwani. Huku kwetu bara ni kitu kimoja." Johnstone akatoa kipande cha gazeti mfukoni, chenye doa la damu ya ng'ombe. "Bahati nzuri nilisoma juu ya mambo haya juzi tu. Kuna watoto ambao akili yao inahitaji shule yake maalum. Wana dalili saba. Ya kwanza, mtoto anaongea peke yake. Anaongea?"

"Anaongea," Jeconia alisema kwa sauti ndogo.

"Ya pili, anatazama mbali kama anaona kitu. Ya tatu, anarudia michezo ya kitoto, kuruka mistari na kadhalika."

Hapo gazeti lilikuwa limechanika. Lakini Johnstone hakuwa mtu wa kumwacha jirani na dalili tatu wakati aliahidi saba. Akaongeza nne kutoka kichwani mwake: kuvaa sweta mbele nyuma, kusahau alilotumwa, kucheka bila sababu, na kukataa ngozi ya maziwa.

Nionyesheni mtoto asiyekuwa na dalili hizo, nami nitawaonyesha kuku mwenye meno. Lakini Jeconia alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja. Alirudi nyumbani akizihesabu kwa vidole, na vidole vikajaa.

Tangu siku hiyo nyumba ya Oketch ikabadilika. Adongo hakutumwa tena bombani, maana angeweza kutumbukia mtaroni. Hakuosha vikombe, maana angevivunja. Kila asubuhi aliwekewa yai. Juma la kwanza alidhani amefika mbinguni. Alibaki shuleni nusu saa kila siku, na nyumbani wakadhani mwalimu anamhurumia. Baba alikuwa ametia sahihi na kuandika, *Tumeelewa. Tunatafuta msaada.* Mwalimu Nanzala alisoma, akashangaa kidogo, akaona ni adabu ya watu wa kanisa.

Juma la pili yai lilianza kukosa chumvi. Mama aliacha kuimba. Alikaa juu ya kigoda akimtazama Adongo akila, akimtazama akivaa viatu, akimtazama akikuna sikio. Baba alianza kuzungumza naye kwa sauti kubwa, neno moja moja: "Adongo. Hii. Ni. Kijiko." Bombani watoto wenzake walipata habari, kwa kuwa dukani kwa Ndungu habari hazifungwi kwa karatasi.

"Oyaa, Abaki!" Kimutai wa darasa lake alimwita shuleni. "Ni kweli unapelekwa shule ya vichwa maji?"

"Hata wewe ulipata mbili kwa kumi," Adongo alijibu.

"Mbili ni zangu, nilizitafuta. Wewe umeandikwa na kalamu nyekundu!"

Siku moja jioni Adongo alikuwa nyuma ya nyumba akiwapa kuku mahindi. "Apiyo," alinong'ona, "mchezo huu sasa umekuwa mbaya." Aligeuka akamwona Mama amesimama, ndoo mkononi, machozi yakimtiririka.

"Usimwite," Mama alisema. "Tafadhali, nyathina, mtoto wangu, usimwite huyo. Alishakwenda. Naogopa anakuvuta umfuate. Hata jina lenyewe tulikupa la kubaki nyuma, sijui tulikuwa tunafikiria nini."

Adongo aliacha kuzungumza na Apiyo. Njia ya shule ikawa ndefu. Mara nyingi alitaka kusema ukweli, lakini kila siku uongo ulikuwa umenenepa kidogo kuliko jana, na hakujua ataushika wapi.

Dukani kwa Ndungu kulikuwa na mtoto mwingine. Aliitwa Waceke, naye alikuwa na miaka tisa. Homa kali ilimpiga akiwa mdogo ikaondoka na masikio yake. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kutwa alikaa juu ya kreti ya soda mlangoni, akitazama watu midomo. Yeye na Adongo walikuwa na lugha yao ya mikono. Kuvuta sikio ilikuwa *Waceke*, kwa maana alijijua hivyo. Kugusa shavu ilikuwa *mama*. Viganja viwili vilivyofunguliwa pamoja vilikuwa *shule*, na Waceke alifungua viganja hivyo mara nyingi kuliko ishara nyingine zote.

Wamisheni walikuwa na shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum, mwendo wa nusu siku kwa basi. Miaka miwili mama yake Waceke, Njambi, mke wa Ndungu, alikuwa akingoja nafasi. Alikuwa amekwisha kununua sanduku la bati na kulipaka rangi ya buluu, jina la Waceke kwenye kifuniko. Sasa kanisa lilitangaza kwamba afisa wa elimu angekuja Jumamosi kuwaona watoto wa sehemu hii. Vitanda vilivyokuwa wazi vilikuwa kumi na viwili, basi.

Johnstone ndiye aliyeandika orodha. Waceke alikuwa wa kumi na mbili. Lakini Jeconia alikuwa mzee wa kwaya, na alikuja ofisini akalia kama mtoto. Basi kalamu ya Johnstone ikateleza, kama kalamu zinavyoteleza wakati wa baridi, na jina la Adongo likajikuta kwenye mstari wa kumi na mbili. La Waceke likashuka mpaka kumi na tatu. Orodha ikabandikwa mlangoni.

Ijumaa alasiri Adongo alikwenda dukani, mara ya kwanza kutumwa baada ya majuma matatu, naye alitumwa kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha kabisa. Alimkuta Njambi amelifungua lile sanduku la buluu. Alikuwa akitoa sketi mpya, sweta mpya, sabuni mbili, akiviweka juu ya kaunta kimoja kimoja. Kisha akachukua gunia la sukari akaanza kulimimina ndani.

"Mama Waceke, hilo si sanduku la shule?"

"Lilikuwa." Njambi hakumtazama. "Panya wanamaliza sukari yangu. Afadhali lifanye kazi. Unataka nini?"

"Chumvi."

Njambi alipima chumvi. Mlangoni Waceke alimshika Adongo mkono. Alifungua viganja viwili, *shule*. Akavipindua chini, vikawa vitupu. Akamwonyesha Adongo kwa kidole, kisha akagusa kichwa, akainua nyusi. Alikuwa anauliza: wewe, kichwa chako, kinaumwa?

Kwa mdomo Adongo alikuwa amezoea. *Ndiyo* ilitoka yenyewe. Lakini kwa mikono hakuwahi kudanganya, na sasa alipoinua mikono yake haikujua njia. Ilibaki hewani. Waceke aliitazama. Alitazama uso wa Adongo. Kisha akaachilia mkono wake, akarudi kwenye kreti yake, akageukia ukuta.

Jumamosi ilinyesha mvua ya mawe. Kila jiwe lilikuwa kubwa kama kiazi, na moja lilimpiga jogoo wa pasta kichwani, na tangu siku hiyo jogoo yule hakuwika alfajiri tena, aliwika saa tisa mchana tu. Ndani ya ukumbi wa kanisa wazazi walikaa kwenye mabenchi na watoto wao. Palikuwa na mtoto aliyebebwa mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa mirefu. Palikuwa na wawili wasioona, wameshikana mikono. Walimu wao pia walikuwa wameitwa, ingawa wengine walikuwa bado wamekwama kwenye mvua. Hakuna aliyecheka. Adongo alikaa katikati ya Baba na Mama, amevaa gauni la Krismasi, na kila mtoto alipoitwa mezani alihisi benchi linazama.

Afisa aliitwa Bi Murunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Jeconia akitaja dalili saba mpaka ile ya ngozi ya maziwa.

"Nani alikupa dalili hizi, mzee?"

"Ni za gazeti, madam."

"Hm." Bi Murunga akamgeukia Adongo. "Mtoto, usiogope. Tuna pakiti tisini na sita za maziwa ya shule. Watoto ni kumi na wawili. Kila mmoja atapata pakiti ngapi?"

Jibu lilifika kabla swali halijaisha. Nane. Zile nusu saa za Mwalimu Nanzala zilikuwa zimefanya kazi. Lakini Adongo alijua pia kwamba akisema *sijui*, hakuna atakayemlaumu. Baba hatajua habari ya dirisha. Mshipi utakaa mlangoni. Atapelekwa tu mbali, nusu siku kwa basi, na Mama atabaki na nyumba tupu.

Akainua macho. Dirishani, chini ya ukingo wa paa, alisimama Njambi na gunia kichwani. Hawakuitwa, lakini walikuja. Waceke alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Viganja vyake viwili vilikuwa wazi.

"Nane," Adongo alisema. "Lakini watoto si kumi na wawili. Ni kumi na watatu. Kila mmoja atapata saba, baki tano."

Bi Murunga akaweka penseli chini. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Mwalimu Nanzala. Tunapobaki nyuma."

"Kwa hiyo unabaki nyuma."

"Hapana. Mimi sibaki nyuma. Mwalimu alisema *nibaki* nyuma. Baada ya masomo. Nilikuwa natazama kunguru, sikumaliza hesabu." Sasa machozi yalikuwa yanamzuia. "Baba aliniuliza, nikasema ndiyo. Haikuwa ndiyo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Nanzala, amelowa chepechepe, viatu mkononi.

"Samahani kwa kuchelewa, mvua hii si ya kawaida. Niliambiwa mmoja wa watoto wangu yuko kwenye orodha." Akaangaza macho. "Ni nani?"

Jeconia alisimama. Alitoa daftari ndani ya koti, akalifungua kwenye ukurasa wa wino mwekundu, akampa mwalimu.

Mwalimu akasoma. Akafunika mdomo. "*Abaki*, Baba Adongo. *A-ba-ki*. Nilimaanisha akae kidogo amalize kazi. Huyu mtoto hana tatizo isipokuwa dirisha!"

Mama Hulda alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Baba alibaki wima, akikunja na kukunjua kofia yake ya sufu.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza Adongo.

"Niliogopa mshipi."

Jeconia alitikisa kichwa polepole. "Na mimi niliogopa kwenda kwa mwalimu. Nusu saa tu kwa miguu. Niliona aibu nitaambiwa mtoto wangu ni mjinga. Nikaenda dukani."

"Sasa sikilizeni," Mwalimu Nanzala alisema, na akakaa kwenye benchi pamoja nao, maji yakimdondoka. "Mtoto kuzungumza na mtu asiyeonekana, kuruka mistari, kutazama kunguru, huo ni utoto. Ukiwa na wasiwasi, njoo shuleni uulize, maana pengine wasiwasi wako ni wa kweli, na pengine sivyo. Si aibu mtoto kuhitaji shule ya namna yake. Aibu ni kumficha anayeihitaji, au kukaa kwenye kiti chake." Akamgeukia Adongo. "Na wewe. Uongo wako ulikuwa neno moja, ukaona ni mwepesi. Mtazame yule pale dirishani; mama yake ameniambia hapo nje kwamba nafasi yake ilichukuliwa. Yeye ndiye aliyeubeba."

Adongo alitazama. Kisha akaenda mwenyewe mlangoni, akatoka mvuani, akamshika Waceke mkono na kumleta mezani.

Waceke aliondoka Jumatatu asubuhi. Sanduku la buluu lilikuwa limemwagwa na kupanguswa haraka, lakini pembeni palibaki chembe za sukari, naye alizidonoa kwa kidole akilamba mpaka basi lilipokuja. Adongo alivuta sikio lake mwenyewe, akafungua viganja viwili. Waceke alipanda kwanza, akakaa. Halafu, basi lilipokuwa limeanza kutembea, akafungua viganja vyake dirishani. Siku hizo majuma yalikuwa marefu, na kreti ya soda ilikaa mlangoni bila mtu.

Baba hakutumia mshipi. Aliamua kwamba Adongo atateka maji ya duka la Njambi, pamoja na yale ya nyumbani, mpaka muhula uishe. Ndoo zilikuwa nzito na asubuhi zilikuwa za barafu, na Adongo hakulalamika.

Asubuhi moja alipokuwa akitoka, Mama alimwita jikoni. Alikuwa akikoroga uji, na bila kugeuka akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani:

"Apiyo anasemaje leo?"

Adongo alisimama mlangoni na ndoo yake. "Anasema kuna baridi."

"Mwambie avae sweta," Mama alisema. Na nyuma ya mgongo wake Adongo akasikia, kwa sauti ndogo sana, mwanzo wa wimbo wa kwaya.

Hapo ndipo hadithi ilipaswa kuisha. Lakini nilipomaliza kuiandika nilimpelekea Waceke aisome kwanza, kwa kuwa inamhusu. Siku hizi ana duka lake la kushona sweta za shule hapa Munyaka. Alisoma akiwa na penseli mkononi, ukurasa baada ya ukurasa, bila kutabasamu. Aliporudisha karatasi, palikuwa na maandishi pembeni.

Kwenye jina la Johnstone aliandika: *Mtu huyu hakuwepo. Kalamu sikioni, gazeti la nyama. Ni wewe.*

Mbele kidogo aliandika: *Na kalamu haikuteleza. Nilikuwa dirishani kwa ofisi. Ulikata jina langu polepole, kwa rula.*

Nimetunga mengi maishani, lakini siku hiyo sikutunga. Nilichukua penseli yake nikaandika chini: *Ni kweli. Nisamehe.* Alisoma. Kisha akaonyesha jiko la makaa nje ya duka.

Nikachoma mahindi mawili, yenye ndimu na pilipili, moshi ukiniingia machoni. Hayo ndiyo maelezo yangu juu ya machozi. Waceke aliyala yote mawili mpaka gunzi, akapangusa mikono, akavuta ukurasa mmoja, na kuandika kitu kipya. Nikavaa miwani.

*Bado moja,* alikuwa ameandika. *Jogoo wa pasta.*

Nikarudi kwenye makaa.